Aliyezikwa kwa Mgomba

Dodoma
14 Aprili 2023

Shemeji yangu Veneranda,

Ningependa kusema natumaini barua hii itakukuta mzima, lakini jirani yenu wa Gungu aliyepita hapa kanieleza kwamba unashinda ufukweni Kibirizi ukiyatazama maji na jioni unarudishwa kwa bodaboda kama mzigo. Pole sana. Martini ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu nilipopata habari kwamba boti yao ya chumvi imezama njiani kwenda Kalemie, nimekuwa nikisoma ukurasa uleule kutwa nzima. Ningekupigia, ila unajua masikio yangu. Simu kwangu siku hizi ni ya kutazama saa tu, kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani.

Baba mdogo Elikana naye ameniandikia. Anasema wenzake Martini wote wameokotwa na kuzikwa, yeye peke yake hajaonekana, na ukoo unataka kumzika kwa mgomba badala ya mwili. Anasema wewe umekataa, tena umezificha nguo zake zote ili pasipatikane hata shati la kuuvisha huo mgomba.

Shemeji, nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na sasa naandika kitabu cha ngano za mataifa kwa ajili ya shule. Siamini kwamba mgomba uliokatwa kwa kimo cha mtu ni mtu. Lakini usidhani ni ushamba wa Waha peke yao. Wajapani wanasimulia juu ya mungu aliyemfuata mkewe kuzimu. Akawasha moto amtazame, akakuta funza. Wayunani wana mpiga kinubi aliyekwenda kumchukua mkewe kulekule, akageuka nyuma mara moja, akampoteza tena. Dunia nzima inamwambia aliyebaki neno moja: achia.

Nguo zitoe. Nitakuja niutupe udongo wa kwanza, maana mimi ndiye mkubwa wa nyumba ya baba.

Wako katika msiba,
Nehemia


Gungu
2 Mei 2023

Shemeji Nehemia,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa kondakta wa basi, nimeisoma, nikampa Recho aisome na yeye kwa sababu inamhusu baba yake. Ameuliza funza ni nini kwa Kijapani.

Hao watu wako wa kuzimu walijua wake zao wamekufa. Mimi sijui. Mwili sijauona, kiatu sijakiona. Martini anaogelea kuliko wenzake wote, wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha. Na upande wa pili wa ziwa nao una ufukwe.

Kinachonitisha si mgomba, shemeji. Nimezaliwa Manyovu, naijua mila hii tangu nikiwa mgongoni. Aliyezikwa kwa mgomba akirudi hai hapokelewi. Haitikiwi hodi, hali chakula cha chungu cha nyumbani, havuki uzio, mpaka yule aliyetupa udongo wa kwanza aje kwa mikono yake mwenyewe aufukue mgomba na kuutupa. Anayekula naye kabla ya hapo anahesabiwa naye kafa. Kwa hiyo nikitoa shati leo, nimemfungia mume wangu mlango, na ufunguo nimekupa wewe unayekaa Dodoma.

Ngojeni mwaka mmoja. Siombi zaidi ya hapo. Mwaka ukipita nitatoa nguo mwenyewe, nitalia mwenyewe.

Recho anakusalimu.
Veneranda


Dodoma
19 Mei 2023

Shemeji mpendwa,

Umenichekesha katikati ya msiba, na si watu wengi wanaoweza. Unasema nimepewa ufunguo. Mimi nataka tu kumzika mdogo wangu!

Mwaka mmoja haufai. Mzee Elikana ana presha na anaota ndoto. Wazee wanasema maiti isiyozikwa inazunguka, na maji ya masika yamepanda mpaka kwenye mashamba yao ya michikichi. Watatafuta wa kumtupia lawama, na wewe ndiye mwanamke unayeficha nguo za marehemu. Unakijua kisa cha ziwa letu? Mume na mke walikuwa na kisima chenye samaki, wakaambiwa wasimwonyeshe mtu. Mke akamwonyesha hawara, kisima kikafoka, nchi ikazama, ndiyo Tanganyika. Dunia nzima, likitokea gharika anatafutwa mwanamke. Ngano hazina haki, shemeji, zina kazi tu. Nakuonya kwa sababu nakupenda.

Nafika Juni mwanzoni. Kama nguo hazitatoka kwa hiari, Elikana atawaleta vijana wavunje sanduku, na Recho atakuwa anatazama. Sitaki aone hayo.

Nehemia


Dodoma
30 Agosti 2023

Shemeji,

Nashukuru kwa jinsi ulivyozitoa nguo na kujikaza siku ile ya maziko. Ulipoufunga mgomba vifungo vya shati mpaka cha shingoni, hata mimi nilitazama pembeni. Kaburi la pale nyumbani kwetu Buzebazeba limekaa pazuri, karibu na baba.

Nina mambo mawili. La kwanza, nyumba ya Gungu. Karatasi za mirathi zimetoka bila shida kwa sababu kaburi lipo na mashahidi wapo, nami nimeiuza. Usishtuke. Mjane mwenye mtoto wa kike anakaa kwa ukoo, si kwenye nyumba ya barabarani ambako kila mwanamume anapita. Chumba chako Buzebazeba kimeshapakwa chokaa. Fedha itasaidia kuchapa kitabu, na jina la Martini litakuwa ukurasa wa mbele, hilo nakuahidi.

La pili, naomba uniandikie kila kitu ulichokiona siku ya maziko: nani alikata mgomba, ulikatwa saa ngapi, wanawake waliimba nini. Mimi sikusikia nyimbo. Sura yangu ya tano inahusu maziko yasiyo na mwili, na hakuna aliyeandika ya kwetu vizuri.

Mbusu Recho.
Nehemia


Buzebazeba
11 Novemba 2023

Shemeji,

Martini yuko hai.

Ameshuka Kibirizi Jumatatu kwenye boti ya mbao, amekonda, ndevu zimefika kifuani. Alielea na pipa mpaka upande wa pili, akaangukia mikononi mwa watu wenye bunduki, wakamtumikisha kubeba magogo mpaka alipowatoroka. Alikwenda Gungu kwanza. Akakuta watu wengine wanavunja jiko lake. Akaja huku kwa miguu, akapiga hodi.

Hakuna aliyeitikia. Mzee Elikana alikuwa amekaa kwenye kiti, akaendelea kumenya muhogo. Martini akaita majina, akaanza na lake, akaita la baba yenu, akaita langu. Recho akapiga kelele "Baba!" na shangazi yake akampiga kofi la mdomo. Mimi nilikuwa ndani nimeushika mlango. Nitakuambia ukweli, mguu haukunyanyuka. Nilimzika mtu huyu kwa mikono yangu, nikamfunga vifungo. Kwa muda niliogopa, ni yeye kweli au ni ile maiti inayozunguka wanayoisema. Nilipotoka alikuwa amekwisha ondoka, na ninajichukia kwa hilo.

Sasa analala ufukweni Ujiji kwenye banda la nyavu la Mrundi mmoja, Harerimana, ambaye si wa ukoo na anampa ugali wake. Mimi namwona kwa mbali. Nimemwambia twende Kasulu, twende popote, anasema ataingia kwa lango la baba yake au hataingia mahali popote. Na nikila naye, wanabaki na Recho.

Wewe ndiye uliyetupa udongo wa kwanza. Panda basi. Ni kazi ya jembe, asubuhi moja. Kama huwezi safari, basi mwandikie Elikana kwamba hizi ni ngano tu, kwamba mgomba ni mgomba. Wewe ni msomi, atakusikiliza.

Yeye haulizi nyumba. Anauliza kama kaka yake amepata habari.

Veneranda


Dodoma
24 Novemba 2023

Shemeji yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama. Mungu ashukuriwe kwa uhai wake. Mwambie, kwa mbali hivyohivyo, kwamba nimelia.

Sasa tuseme kweli kama watu wazima. Martini akiwa marehemu, mimi ni kaka niliyesimamia mirathi. Akiwa hai, mimi ni mwizi niliyeuza nyumba ya mtu, fedha imekwenda kwa mchapaji wa kitabu, na aliyenunua si mtu wa kuchezea. Nitafungwa uzeeni, kiziwi, kwa kosa la kumzika ndugu yangu jinsi ukoo ulivyotaka. Hilo hujaliwaza.

Unaniomba niseme ni ngano tu. Ni ngano, ndiyo. Mimi sizikubali, lakini nitamwambiaje Elikana azitupe leo, wakati mwezi wa sita nilizitumia mbele yake? Tena Martini si wa kwanza. Wayunani wa kale, mtu akishafanyiwa maziko kisha akarudi, walimwona najisi. Wakamwosha kama kichanga, wakamfunga nepi, wakamweka kifuani kwa mwanamke, ndipo akahesabiwa amezaliwa upya. Warumi walimpitisha paani asiguse kizingiti. Ona jinsi watu wanavyofanana! Nimeongeza kurasa mbili.

Mpe muda. Aende Mpanda, abadilishe jina, nitamtumia nauli.

Nehemia


Buzebazeba
8 Desemba 2023

Shemeji Nehemia,

Shikamoo. Nimeifanya ile dawa yako ya Wayunani.

Usiniambie haikuwa dawa. Uliiandika, nami maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilimsomea Mzee Elikana ile sehemu ya barua. Akasema kama watu wa mbali waliweza, na sisi tujaribu. Nililia kwa furaha, nikamshika miguu.

Basi Jumamosi tukateremka ziwani, wazee, wanawake, watoto wote wa mtaa. Martini alikuwa hataki. Nilimwambia ni kwa ajili ya Recho. Akavua nguo mbele za watu, nikamwosha kwa sabuni ya mche kuanzia utosini, nikamfunga khanga kiunoni kama nepi, nikamweka kifuani mbele ya baba yake mdogo. Watoto wakacheka. Kijana mmoja akapiga picha kwa simu, na jioni ilikuwa Gungu, ilikuwa Rusimbi, kila mahali. Martini alifumba macho muda wote. Kisha nikambeba mgongoni. Hana uzito siku hizi. Nilimbeba kutoka ufukweni mpaka kwenye uzio, na kwenye uzio Elikana akanyanyua mkono.

Akasema vizuri, amezaliwa. Lakini kichanga hakiingii ndani bila jina, na jina hutolewa na mkubwa wa nyumba, na mkubwa ni wewe. Nikamshusha palepale. Akarudi bandani peke yake amejifunika ile khanga.

Tangu siku hiyo hasemi. Anakohoa. Mvua inapita kwenye paa la Harerimana.

Sikulaumu. Sitaki nyumba. Nitaandika karatasi yoyote utakayo kwamba hatudai kitu, Martini naye atatia dole gumba. Njoo tu umwite jina lolote. Mwite hata mbwa. Nimepiga magoti ninapoandika, na Recho amenikuta hivi.

Veneranda


Dodoma
20 Desemba 2023

Shemeji,

Ama kweli umenishangaza! Nimesimulia ya Wayunani kwa wanafunzi miaka nenda rudi, sikuwahi kufikiri kuna mtu ataitenda. Barua yako nimemsomea mhariri, akaacha chai ipoe. Naomba ruhusa ya kuiweka kama ilivyo, bila majina. Na ile picha, kama unaweza kuipata, nitumie.

Kuhusu kuja, daktari amenikataza safari ndefu, na Krismasi wajukuu zangu watakuwa hapa. Hiyo karatasi ya kutodai unaisema leo ukiwa na shida, kesho Martini akishiba atakwenda kwa mwanasheria. Namjua, nimemlea. Tena fikiri: kama ni kichanga, basi ni kichanga. Kichanga hakina mke wala kiwanja. Mwisho utakuja kunishtaki kwamba nimekuachisha mume kwa kumpa jina.

Kikohozi ni baridi ya ziwa. Mpe tangawizi.

Sitakuja, Veneranda, na naomba msinitafute tena kwa jambo hili. Nina kitabu cha kumaliza.

Heri ya Krismasi.
Nehemia


Buzebazeba
15 Januari 2024

Kwa Nehemia,

Martini amekufa siku ya pili ya mwaka. Harerimana alimpeleka hospitali kwa bodaboda, daktari akasema ni mapafu na kwamba tumemchelewesha. Nilifika nikamkuta bado ana joto. Nikamlalia, nikala chungwa alilolibakiza. Hakuna aliyenikataza, hapakuwa na mtu wa ukoo.

Nikamleta nyumbani kwenye mkokoteni. Safari hii uzio ulifunguliwa, maana maiti ya kweli ina haki yake. Lakini kaburi lake lilikuwa na mgomba, na mtu hazikwi mara mbili mahali pawili. Ilikuwa lazima mgomba utoke kwanza, na wa kuutoa ni wewe tu. Martini akalala sebuleni. Joto la huku unalijua. Wazee wakakaa, wakanuna, wakakwama. Nikaenda mbele ya Elikana nikamuuliza: aliyetupa udongo wa kwanza akiwa amekufa, nani anaruhusiwa kufukua? Akasema, anayemfuata kwa ukubwa. Nikatoa barua yako ya Desemba, nikaisoma kwa sauti, na sehemu ya mhariri kuacha chai, na sehemu ya picha. Niliposoma kwamba tusikutafute, yule mzee ambaye hakuwahi kumwitikia Martini hodi akaanza kulia.

Wakaenda kukata mgomba mwingine.

Tuliuvisha shuka, maana nguo yako hatuna. Tukakuzika pembeni ya choo cha zamani, ambako ardhi ni laini. Ulipofika wakati wa udongo wa kwanza nikasema nautupa mimi. Elikana akasema mwanamke hajawahi. Nikamwambia mwanamke hajawahi pia kumbeba mumewe mgongoni mbele ya watoto wanaocheka. Akanipa jembe.

Kisha Elikana, sasa mkubwa, akafukua mgomba wa Martini, nasi tukamzika mwenyewe. Mgomba ulikuwa umeoza, shati bado limefungwa.

Habari hii nakuandikia ili ukamilishe sura ya tano.

Veneranda, mke wa Martini


Rusimbi, nyumba ya wageni
6 Februari 2024

Veneranda,

Nimekuja. Unaona, nimekuja. Nimesafiri siku mbili na miguu imevimba.

Barua yako niliicheka nilipoipata, nakuapia, nikamwonyesha mke wangu. Kisha nikawaandikia binamu zetu wa Kasulu, kimya. Mtoto wa dada yetu Frida, ambaye huja kwangu kila mwisho wa mwezi, amenipita sokoni Dodoma, macho kwa macho, akaendelea. Nikasema nitakwenda mwenyewe nikaumalize upuuzi huu.

Leo asubuhi nimesimama kwenye uzio wa baba yangu. Nilipiga hodi, sijui kwa sauti gani, sijisikii. Elikana alikuwa ananawa uso. Alijifuta, akaitundika taulo, akaingia ndani. Shangazi yake Recho alifagia mpaka karibu na viatu vyangu akageuza ufagio. Wewe ulikuwa unachambua mchele, uliinua macho, ukayarudisha kwenye ungo. Mimi ni kiziwi, Veneranda, nimezoea watu kutonisemesha. Lakini sijawahi kutotazamwa.

Ile kona ya choo nimeiona. Kuna tuta. Nimesoma mataifa yote, najua hili linafanywaje na kwa nini linafanywa, najua kila kitu kulihusu, na karatasi hii ni ya nne, tatu nimezichana. Nina miaka sabini na moja. Nitazikwa wapi?

Nyumba nitairudisha, nitauza yangu ya Dodoma. Recho nitamsomesha. Kitabu nitakichoma. Wewe ndiye uliyetupa udongo, hakuna mwingine anayeweza. Ni kazi ya jembe, asubuhi moja. Fukueni. Nakuomba, shemeji, nifukue.

Nehemia


Buzebazeba
7 Februari 2024

Sina wa kumsalimu, kwa hiyo naanza hivihivi. Karatasi hii nampa Harerimana aiache mezani kwenye nyumba ya wageni ya Rusimbi, yeye si wa ukoo.

Jembe lipo. Asubuhi zipo nyingi. Mkono wangu hauumwi na sijakatazwa na daktari.

Jana Recho ameniuliza kama yule mzee aliyesimama kwenye uzio, analia na mabegi, si baba mkubwa. Nimemwambia hakuna mtu pale. Akatazama tena vizuri, akasema kweli, hakuna, akaja kunisaidia kuchambua mchele.

Veneranda